Mume Aliyeandikwa Wilson

Nakuru,
6 Februari 1949

Kwa Mjomba Murunga,

Nakusalimu wewe, na Mama Nanzala, na kila aliye chini ya paa lenu. Sisi huku hatujambo. Mvua haijaonekana na vumbi la Nakuru limeingia hadi kwenye unga. Kituyi bado anatia moto kwenye injini ya treni, akirudi nyumbani ni macho na meno tu yanayoonekana. Anakusalimu sana, na anauliza ile suruali uliyomshonea ulikuwa umempima nani, maana anaifunga kwa kamba.

Mjomba, kuna neno. Unajua mimi na Kituyi tunataka kufunga ndoa kanisani, tuache kusemwa. Mchungaji wetu alitangaza mara ya kwanza, kisha akapeleka habari kwa kanisa la nyumbani kama ilivyo desturi. Badala ya baraka, imekuja barua kutoka kwa Khisa. Anasema mimi bado ni mke wake. Anasema alitoa ng'ombe kwa baba yangu, hakuniacha wala sikumwacha, na mtoto yeyote nitakayemzaa, hata nimzae na nani, ni wake, kwa sababu ng'ombe ni wake.

Wewe unajua hayo ni uwongo. Kesi yetu ilisikizwa hapo Eldoret katika Korti ya Wenyeji, mwaka wa 1946, tulipokuwa maskwota kwenye shamba la yule Mzungu karibu na Hoey's Bridge. Baba alirudisha ng'ombe, wazee wa korti wakasema tumeachana. Sikumzalia Khisa mtoto, kwa hiyo hakukuwa na mengi ya kugawana. Lakini Baba amefariki, na mimi sikupewa karatasi yoyote. Wakati ule nani angempa mwanamke karatasi? Sasa mchungaji anasema hatatangaza mara ya pili mpaka aone hukumu yenye muhuri.

Nenda kortini, Mjomba, uniombee nakala. Mimi siwezi kuja. Khisa anakaa upande huo, na akinikuta njiani mikono mitupu, askari atanikabidhi kwake kama mbuzi aliyepotea. Tafadhali fanya haraka. Usiniulize kwa nini haraka.

Mpwa wako,
Nasambu


Eldoret,
27 Februari 1949

Mpwa wangu Nasambu,

Barua yako imenikuta hapa kwenye varanda ya duka la Mhindi, mguu juu ya cherehani. Nyumbani wote wapo. Goti la Mama Nanzala linamsumbua, na tangu lianze kumsumbua nasi sote linatusumbua. Mwambie Kituyi suruali haina kosa. Nilimpima akiwa ameshiba, ale basi.

Nimekwenda kortini. Karani wa pale anaitwa Kimutai, kijana safi, kola yake unaweza kukata mkate nayo, lakini kucheka hajui. Akaniambia faili ya talaka haiwekwi kwa jina la mwanamke, inawekwa kwa jina la mume. Nikamtajia Khisa, mwana wa Nabwire, na jina la baba yake, na shamba. Akaniambia stoo ya faili inafunguliwa Jumatatu peke yake. Nikarudi Jumatatu. Akapekua mwaka 1946 wote, akapekua na ule wa nyuma. Nikarudi Jumatatu nyingine, akapekua ule wa mbele. Hakuna Khisa yeyote aliyeachana na Nasambu.

Halafu akanitazama juu ya miwani akasema, "Mzee, una hakika huyu mama aliachika?" Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa kwa heshima ya posta.

Lakini tangu nitoke pale neno lake halijanitoka. Mimi siku ile ya kesi sikuwepo, nilikuwa Kitale. Kwa hiyo nakuuliza, na usivimbe. Mlifika kweli mbele ya wazee wa korti, au mliachana huko shambani mbele ya nyapara, mkaita hiyo kesi? Niambie ukweli nijue ninatafuta nini.

Mjomba wako,
Murunga


Nakuru,
8 Machi 1949

Mjomba,

Salamu kwa wote. Pole kwa goti la Mama Nanzala, akande kwa maji ya chumvi.

Nimevimba. Nilitaka nisikujibu kabisa. Ningekuwa nimeachwa na nyapara, ningekutuma kwa nyapara.

Sikiliza. Korti ina mlango mmoja na madirisha mawili, na dirisha moja lilikuwa limezibwa kwa bati. Wazee walikuwa watatu. Baba alivaa lile koti lake refu ijapokuwa kulikuwa na jua kali, jasho likamtiririka hadi wazee wakamwonea huruma. Khisa aliulizwa kama ng'ombe wamefika kwao, akasema wamefika. Akaweka kidole gumba kwenye karatasi, kisha akapangusa wino kwenye ukuta wa korti. Mtu anaweza kuota ukuta?

Sasa nimekaa nikafikiri jambo jingine. Kule shambani hakuna aliyemwita Khisa ila mimi na mama yake. Nyapara alipoita majina asubuhi alimwita Wilson, na Mzungu hivyo hivyo, maana ndivyo kipande chake, ile karatasi ya kazi, kilivyosema. Nilidhani ni jina lake la ubatizo. Nani hana mawili? Huenda korti ilimwandika kama kipande kilivyosema. Mwambie huyo karani mwenye kola atafute Wilson.

Na ufanye haraka, Mjomba. Siku hizi hata harufu ya mafuta kwenye nguo za Kituyi inanishinda, sijui nina nini.

Nasambu


Eldoret,
3 Aprili 1949

Mpwa wangu, mwenye hasira za mama yake,

Tumeipata.

Salamu zitakuja baadaye. Ilikuwa Jumatatu iliyopita. Kimutai aliingia stoo, akatoka na faili yenye vumbi hata akapiga chafya, akaiweka mezani. "Wilson, mfanyakazi wa shamba, Hoey's Bridge, na mkewe Nasambu. Wameachana. Ng'ombe wamerudi kwa mume, pande zote zimeridhika." Pale chini kuna kidole gumba kikubwa cheusi.  Nakuomba radhi kwa yale niliyokuuliza, na usinikumbushe tena tukionana.

Kimutai amenakili yote kwa mkono wake na kugonga muhuri. Kabla ya kugonga aliuliza, "Mzee, huyu Khisa na huyu Wilson ni mtu mmoja?" Nikamwambia, wewe mwenyewe una majina mangapi? Akahesabu kimoyomoyo, akagonga.

Nakala ni hii hapa ndani ya bahasha. Mpe mchungaji atangaze mara ya pili na ya tatu kwa mkupuo mmoja akitaka. Mimi nimeanza kukata kitambaa cha gauni lako. Mama Nanzala anasema nikushonee pana kidogo kiunoni, sijui ameota nini, wanawake wana mambo yao.

Mjomba wako mwenye furaha,
Murunga


Nakuru,
1 Mei 1949

Mjomba wangu,

Natumaini mko wazima. Mvua sasa imekuja, na paa letu linavuja juu ya kitanda.

Usishone kwanza.

Mchungaji alifurahi kuona muhuri. Akapeleka habari nyumbani, na Khisa akaitwa na wazee wa kanisa akasomewa. Unajua alisema nini? Alisema, "Mimi si Wilson. Wilson ni kaka yangu mkubwa. Alikwenda vitani, akarudi, akafanya kazi Hoey's Bridge, akawa na mke wake, Nasambu mwingine, na kesi yake. Sasa yuko kazini Tanganyika. Karatasi hiyo mngojeeni mwenyewe." Nao wazee wakauliza majirani, na majirani wakasema kweli, Mama Nabwire mwenyewe amesema miaka yote kwamba Wilson wake alirudi na yuko kazini.

Mjomba, nilikaa katika nyumba ya Mama Nabwire miaka miwili. Sikumwona Wilson mwingine hata siku moja. Kulikuwa na kigoda karibu na moto ambacho hakuna aliyekikalia, nikaambiwa ni cha mgeni, na mgeni hakuja.

Sasa nakuambia lile nililokuficha, ingawa nafikiri Mama Nanzala amekwisha lijua. Nina mimba. Mtoto atazaliwa Septemba. Mchungaji akijua kabla ya ndoa atatutenga, lakini hilo naweza kulivumilia. Lisilovumilika ni kwamba karatasi isiposimama, Khisa atakuja na wazee wake mtoto akiacha ziwa, wamchukue, na hakuna korti itakayowazuia.  Kituyi anakaa akipaka rangi viatu ambavyo vimeng'aa tangu juzi. Naogopa, Mjomba. Sijawahi kuogopa hivi.

Nasambu


Eldoret,
5 Juni 1949

Kwa Nasambu,

Salamu. Mwandiko huu ni wa Mwalimu Kiptoo, jirani yangu, kwa hiyo maneno yatakuwa na adabu kuliko kawaida. Mlango wa stoo ya Mhindi umenibana vidole vya mkono wa kulia. Si kitu. Cherehani imepumzika, nami nimepata nafasi ya kutembea.

Nilitembea hadi Hoey's Bridge kumtafuta yule nyapara wenu wa zamani. Nilimkuta, na baada ya chai ya pili akasema. Khisa alikuwa ametoroka kazi kwenye shamba la mkonge, kipande chake hakikusainiwa, na bila saini hiyo hakuna Mzungu angemwandika kazi. Wilson alikuwa amekwenda vitani na kuacha chake kwa mama yake, ndani ya kile kikopo cha kuvaa shingoni. Halafu ikaja barua ya serikali kwamba Wilson amekufa Burma. Mama Nabwire alisomewa, akaikunja, akachukua kikopo akamvisha Khisa. Kuanzia hapo akiulizwa husema Wilson amerudi, yuko kazini. Hakumwaga chozi mbele ya mtu. Hakuna matanga, hakuna kaburi.

Sasa unaona alivyotufunga. Maadamu mama anasema Wilson yu hai, Khisa atajificha nyuma ya Wilson. Nyapara hataki kusimama kortini, anasema ana watoto. Aliyebaki ni mama mwenyewe. Nataka kumwomba Kimutai atoe samansi, Mama Nabwire aitwe aulizwe mbele ya wazee.

Jipe moyo na ule vizuri.

Murunga


Nakuru,
16 Juni 1949

Mjomba Murunga,

Nakusalimu, na Mwalimu Kiptoo nakushukuru kwa mwandiko mzuri, lakini maneno haya mwachie Mjomba asome peke yake.

Gadi wa treni amemwambia Kituyi kwamba fundi Murunga alipigana na Khisa kwenye kilabu cha pombe hapo Eldoret, akavunjwa vidole viwili kwa kigoda. Mlango wa stoo una miguu siku hizi? Mtu wa umri wako, mtu anayekula kwa mkono huo. Nimelia, kisha nimecheka, kisha nimelia tena. Usinifiche kitu. Nimekwisha kufichwa vya kutosha.

Na kuhusu Mama Nabwire, nakuomba usimwite. Mama yule hakunitendea ubaya hata siku moja. Khisa aliponipiga, ni yeye aliyesimama mlangoni akamwambia aanze na yeye. Kila jioni alipopakua chakula aliweka pembeni kidogo kwenye bakuli la bati akalifunika, na asubuhi alikila mwenyewe kikiwa baridi. Nilidhani ni njaa ya uzee. Sasa najua lilikuwa la nani, na siwezi kulitoa bakuli lile machoni pangu. Unataka avutwe mbele ya wanaume watatu aambiwe aseme kwa kinywa chake kwamba mwanawe amekufa, ili mimi nimpate wangu?

Tafuta njia nyingine. Mwone nyapara tena, mpigie magoti.

Mtoto anacheza tumboni ninapoandika haya. Najua hakuna njia nyingine. Usinisikilize, au nisikilize, sijui ninakuomba nini.

Nasambu


Eldoret,
14 Agosti 1949

Mpwa wangu,

Naandika mwenyewe, vidole vimepona ila vimepinda. Ni kweli, ilikuwa kigoda. Na yeye mwulize jino lake liko wapi.

Sikukusikiliza. Samansi ilitoka mwezi uliopita, na kesi ikasikizwa Alhamisi. Nilikaa kimya muda huu wote kwa sababu ningekuandikia ungenizuia, na ungenizuia ningekubali.

Khisa alikuja amevaa tai. Mama Nabwire alikuja kwa miguu, akakataa benchi akaketi sakafuni. Mzee wa kwanza akamwuliza, "Mama, mwanao Wilson yuko wapi?" Akajibu, "Yuko kazini." Akaulizwa kazi gani. Akasema kazi. Akaulizwa ni nani aliyesimama hapa mwaka ule akaweka kidole. Akapangusa vumbi miguuni pake. Khisa akaanza kutabasamu, nami nikaona tumekwisha.

Ndipo akageuka akanitafuta kwa macho. "Wewe ndiye mjomba wake?" Nikasema ndimi. "Ni kweli Nasambu ana mimba?" Korti nzima ilinitazama. Mpwa wangu, nilijua mchungaji wako atasikia, lakini nilisema ni kweli, Mama.

Alishika ukuta akasimama. Akasema, na nayaandika kama alivyoyasema: "Wilson wangu alikufa Burma. Barua ilisomwa kwangu. Aliyesimama hapa ni huyu, Khisa, mimi ndiye niliyemvisha kipande cha ndugu yake. Ng'ombe waliletwa kwangu, nimewakamua kwa mikono hii. Nasambu si mke wake. Sitaki mtoto wa mtu achukuliwe kwa uwongo wangu."

Halafu akapiga ukemi. Si kilio cha korti, ni ule ukemi wa mtu aliyefiwa sasa hivi. Alilia mpaka askari wa mlangoni akavua kofia, na wanawake waliokuja na kesi zao nje wakaanza kumwitikia bila kujua wanamlilia nani. Khisa alitoka na hakurudi. Nilikuwa nimeshinda kesi, nami nilitaka ardhi inimeze.

Wazee wakaamua bila kutoka nje. Aliyeachana nawe ni Khisa, na Khisa hana dai lolote juu yako wala juu ya utakaowazaa. Kimutai akafungua faili, akachukua kalamu alifute jina la Wilson aandike la Khisa. Mama Nabwire akamshika mkono. "Usilifute. Hapo ndipo pahali pekee ambapo mwanangu ana mke." Kimutai, yule yule asiyejua kucheka, aliiweka kalamu chini akatazama dirishani. Wazee wakakubali jina libaki, na uamuzi mpya ukaandikwa kwenye karatasi nyingine ukaambatanishwa. Nakala ya zote mbili hii hapa, ina mihuri miwili.

Sasa lililobaki, na ndilo linaloninyima raha. Mama Nabwire ataweka matanga ya Wilson mwezi wa Oktoba. Mwili haupo, watazika mgomba mahali pake. Na ameniomba nikuambie hivi: Wilson akizikwa bila mke wa kuketi chini kumwombolezea, atazikwa nyuma ya nyumba kama kijana asiyewahi kuwa na mji wake. Kitabu cha korti kinasema alikuwa na mke. Anakuomba uje uketi.

Mimi nasema usije. Ukiketi pale kama mjane wa Wilson, wakikunyoa nywele pamoja na wafiwa, kesho Khisa atasema mjane wa kaka yake ni wa kurithiwa naye, na huyo mtoto pia. Labda mama amesema kwa uchungu tu. Labda ni Khisa anayemsemesha. Sitaki kujua. Tumetoka kwenye shimo moja, usitumbukie jingine kwa huruma.

Murunga


Eldoret,
25 Septemba 1949

Nasambu,

Kituyi ametuma habari kwamba umejifungua salama, ni msichana, na mchungaji aliwafungisha ndoa wiki moja kabla, bila maua wala nyimbo. Mama Nanzala amecheza ngoma na goti lake. Nami nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Lakini Kituyi anaandika pia kwamba unaulizia treni ya Oktoba. Nimekwisha kusema usije. Ukija sitakuja huko, sitaki kuwa shahidi wa jambo hilo. Mimi si mtu wa kubembeleza, Nasambu, lakini leo nakubembeleza.

Mjomba wako


Nakuru,
23 Oktoba 1949

Mjomba wangu mpendwa,

Nakusalimu, na Mama Nanzala, na Mwalimu Kiptoo. Mtoto ananyonya vizuri na analia vibaya. Kituyi amenunua vitambaa vingi kuliko walivyo watoto Nakuru nzima.

Nilikwenda. Hukuja, kama ulivyosema, na nilikutafuta kwenye umati ingawa nilijua. Usikasirike mpaka umalize kusoma.

Kituyi alinisindikiza hadi njia panda akabaki pale, maana si desturi yeye kuingia. Niliingia na mtoto mgongoni. Shimo lilikuwa limechimbwa mbele ya nyumba, si nyuma, na mgomba umelazwa umefunikwa shuka jeupe. Mama Nabwire alinyoosha mkono, nikaketi chini kando yake juu ya majani. Nililia, Mjomba. Mtu sikumjua, lakini nilikula naye nyumba moja miaka miwili, chakula chake kikipoa pembeni. Watu waliona Wilson ana mke, na msemaji wa matanga alilisema hivyo kwa sauti.

Khisa alikuwa amesimama karibu na zizi na wazee wawili wa kwao. Hakunisalimu. Alikuwa akingoja tu, nami nilijua anangoja nini.

Jioni wembe ukaletwa na maji kwenye karai, wafiwa wakaanza kunyolewa. Wembe ulipomfikia mtu wa kushoto kwangu, nikainuka. Nilikuwa nimemwuliza mzee mmoja wa ukoo wetu kabla ya kwenda, akaniambia mke aliyeachika anaruhusiwa kulia, ila akinyolewa amerudi kuwa mke wa nyumba ile. Mama Nabwire alinishika upindo wa nguo. Alinishika kwa nguvu, Mjomba, na kwa muda kidogo sikujua yuko upande wa nani. Khisa na wazee wake wakasogea. Yule mwenye wembe akasimamisha mkono.

Mama akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Huyu uliyembeba mgongoni ni wa nani?"

 Ningesema wa nyumba hii, nisingetoka pale. Nikasema, "Ni wa Kituyi, Mama."

Alimtazama Khisa kwanza, akamtazama mpaka Khisa akatazama pembeni. Kisha akauachia upindo wa nguo yangu akasema, "Basi mpeleke kwa baba yake kabla giza halijaingia."

Nasambu